Kukaa na Chungu

Mama yangu haamini chakula kilichopikwa bila mtu. Si kwamba anakiogopa. Anakidharau tu, kama fundi cherehani anavyoitazama nguo ya dukani. Kwake kupika ni kukaa na chungu: unakisikiliza, unajua kwa mlio wa kifuniko kwamba moto umezidi, unachomoa ukuni mmoja, baadaye unaurudisha. Siku nilipomwambia kwa simu kwamba nilimwacha kuku jikoni saa mbili asubuhi, nikaenda zangu darasani, na niliporudi saa tisa alasiri nikakuta supu, alinyamaza kidogo.

"Na aliyebaki na moto nani?"

"Hakuna moto, Mama. Ni umeme."

"Umeme nao si moto?"

Nipo Madison, jimbo la Wisconsin, nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula. Mama yupo Muheza, ambako kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa mama ntilie karibu na stendi. Anaamka saa kumi usiku. Supu ya kuku ndiyo inayomtambulisha: nyepesi, ya manjano kidogo, mafuta yanaelea juu kama vishilingi, ndimu na pilipili pembeni, chapati mbili. Madereva wa Tanga na Korogwe wanamjua kwa supu hiyo. Anaipika kwa kuni, kwenye mafiga matatu, mara nyingi kuni za michungwa iliyozeeka na kukatwa, kwa sababu Muheza michungwa haikosekani. Maharage na wali vinakaa kwenye majiko ya mkaa. Banda lenyewe ni mabati juu na mabati pande tatu. Upande wa nne ni wateja.

Kwa hiyo elewa nilivyokuwa natenda dhambi kubwa, kwa kipimo cha nyumbani kwetu, nilipoanza kupika supu nyeupe.

Chungu chenyewe si changu kwa asili. Mwenzangu wa nyumba amekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, saa mbili kwa gari kutoka hapa, na bibi yake ndiye aliyempa. Ni cha miaka ya sabini, rangi ya haradali, kina maua ya kahawia ubavuni na swichi yenye vituo vitatu tu: kuzima, chini, juu. Nje ni bati lenye nyaya za joto zinazozunguka ubavu. Ndani kuna chungu hasa, cha udongo uliochomwa na kupakwa rangi ya kung'aa. Nilifurahi nilipokishika. Nilitarajia mashine nikakuta chungu.

Januari ya kwanza hapa ndiyo iliyotufanya tuwe marafiki, mimi na hicho chungu. Ziwa Mendota liliganda, watu wakawa wanalivuka kwa miguu na kutoboa mashimo wavue samaki, na asubuhi moja kipimajoto kilisoma nyuzi 24 chini ya sifuri. Katika baridi ya namna hiyo mwili hauombi supu nyepesi. Unaomba mafuta. Mwenzangu akasema nitamwonyesha cha kwao, supu ya kuku na tambi yenye krimu. Wisconsin wanajiita nchi ya maziwa ya Marekani, wameandika hivyo hata kwenye namba za magari, na hawaoni kitu chochote kinachoweza kuharibiwa na krimu.

Inavyopikwa ni hivi. Mapaja ya kuku yasiyo na mifupa wala ngozi, kama gramu 900. (Nayanunua kwa Wasomali wenye duka la nyama ya halali. Ni mbali na basi linachelewa, lakini muuzaji huniamkia kwa Kiswahili cha Mombasa na hilo lina bei yake.) Kitunguu kikubwa kimoja, karoti nne, vitunguu saumu punje nne, na mashina matatu ya selari, mboga ya kijani yenye nyuzinyuzi ambayo ikiwa mbichi haina ladha ya maana na ikiiva ndiyo inayofanya supu inukie kama supu. Chumvi, pilipili manga. Juu yake mchuzi wa mifupa ya kuku, lita moja na robo hivi. Unafunika, unaweka "chini", unaondoka. Baada ya saa sita unatoa mapaja, unayachambua kwa uma mbili, na yanachambuka yenyewe kama nyuzi za katani. Unayarudisha. Unaongeza jibini laini ya krimu gramu 200, krimu nzito kikombe kimoja, tambi za mayai gramu 230, unapandisha "juu". Dakika ishirini. Basi.

Ni mapaja, wala si kidari. Mapaja yana kolajeni nyingi, ile kamba ya mwili, na kolajeni ikikaa saa nyingi kwenye joto la chini inalainika na kugeuka jelatini. Ndiyo maana supu inashika mdomo. Kidari hakina kamba ya kulainisha, kikikaa saa sita kinakauka humohumo ndani ya maji, jambo ambalo ukimwambia mtu asiyepika hakubali. Mama hajasoma kolajeni ni nini, lakini hajawahi kumpikia mteja supu ya kidari.

Tambi nazo zinangoja mwisho. Mwenzangu ana mjomba aliyezitia tangu asubuhi, akaenda zake kuvua kwenye barafu. Jioni familia ilikula kitu ambacho, kwa alivyokieleza, nilikitambua mara moja: bokoboko. Wao walikitupa nusu. Sisi tungekimwagia samli na kumwita jirani.

Nilipomsimulia Mama habari za tambi ndani ya kuku alicheka hadi akakohoa. Tambi, kwetu Tanga, ni za futari. Zinakaangwa, zinapikwa kwa tui, sukari na iliki, na mahali pake ni mwezi wa Ramadhani karibu na uji. Kuzitia kwenye mchuzi wa kuku ni kama kumvisha bwana harusi sare za shule. Lakini nilipofika kwenye krimu, alitulia.

"Unaitia lini?"

"Mwisho kabisa."

"Kwa nini?"

"Ikikaa sana motoni inakatika."

"Aa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu mjini. "Basi hilo ni tui."

Na ni tui kweli. Kila mtu wa pwani amefundishwa hivi kabla hajafikia urefu wa meza: tui la pili, lile jepesi, ndilo linalochemshia kuku. Tui la kwanza linasubiri kwenye bakuli, linafunikwa, linaingia mwisho kwa moto mdogo, na ukishalitia usiache kukoroga mpaka livuke. Likichemka sana linakatika, mafuta upande huu, maji upande ule, na kilichobaki ni mchuzi wenye vipele. Krimu ina tabia hiyohiyo, ingawa iliyo na mafuta mengi huvumilia kuliko maziwa ya kawaida. Nimekaa muhula mzima kwenye maabara nikijifunza jinsi matone ya mafuta yanavyozungukwa na protini yasiungane, na joto linavyoivuruga ile protini. Mama ana mkono na mwiko. Tunazungumza jambo moja.

Alipoelewa krimu aliacha kukicheka chungu, akaanza kukihoji. Kinachemka? Hakichemki hasa, kinafika karibu na kuchemka na kubaki hapo. "Juu" na "chini" vinafika karibu joto lilelile, tofauti ni mwendo tu. Maji yanapungua? Hayapungui, mvuke unagonga kifuniko na kurudi, ndiyo maana unatia maji kidogo kuliko ulivyozoea. Unaonja saa ngapi? Hapo nikakwama kidogo, maana jibu lilikuwa baya: huonji. Kila ukifunua, joto linatoroka na chungu kinahitaji karibu nusu saa kulirudisha. Kinataka kisiguswe.

"Mwanangu, huyo si mpishi," akasema. "Huyo ni mlinzi wa benki."

Sasa nikuambie historia yake, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mazungumzo yetu.

Aliyekibuni ni Irving Naxon, wa Chicago, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Irving Nachumsohn. Aliomba hataza mwaka 1936 na kuipata mwaka 1940. Wazo, familia yake imesimulia, lilitoka kwa mama yake. Huyo mama alikulia Vilna, mji ambao leo ni Vilnius, Lithuania, katika jamii ya Wayahudi. Siku ya Sabato, kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku, hairuhusiwi kuwasha moto wala kupika. Lakini watu wanataka chakula cha moto Jumamosi mchana. Basi Ijumaa alasiri, kabla jua halijazama, alikuwa akitumwa na chungu cha maharage, shayiri, viazi na nyama, chakula kiitwacho cholent, akipeleke kwa mwokaji mikate. Tanuri lilikuwa limezimwa lakini bado lina joto la kutosha. Chungu kilikaa humo usiku kucha. Kesho yake, baada ya ibada, kinachukuliwa, na chakula kimeiva bila mtu kuvunja amri.

Naxon akatengeneza tanuri la mwokaji dogo kiasi cha kukaa mezani. Aliliuza kama kifaa cha kupikia maharage. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ilimnunua, mwaka uliofuata ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot, na wakati huo wanawake wengi wa Marekani walikuwa wanatoka kwenda kazini. Kikauzika kama njugu. Bibi wa mwenzangu, ambaye alikamua ng'ombe kabla jua halijatoka na kuwakamua tena jioni, alikuwa mmoja wa walionunua. (Mama yake Naxon, kwa njia, asingeigusa supu yetu. Sheria yao haichanganyi nyama na maziwa, na kuku amehesabiwa kwenye nyama. Chungu kimesafiri mbali na kilikotoka.)

Nilimsimulia Mama haya Jumapili moja. Kwangu ilikuwa saa moja asubuhi, bado giza; kwake saa kumi jioni, amefunga banda, amekaa barazani amenyoosha miguu. Nilidhani atavutiwa na tanuri, maana yeye ni mtu wa tanuri na moto. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja:

"Kwa hiyo siku hiyo na mpishi anapumzika?"

"Ndiyo. Ndiyo maana yake."

"Siku nzima?"

"Siku nzima, Mama."

Akasema, "Haya," na akaniuliza kama nimelipwa pesa za mwezi.

Hapa inabidi nieleze habari ya kifua. Mwezi Novemba mdogo wangu alimpeleka hospitali, baada ya kikohozi kilichokuja tangu kiangazi na kukataa kuondoka. Walimpulizisha kwenye mashine. Daktari akamwuliza ameanza kuvuta sigara mwaka gani. Mama, ambaye hata ugoro anaona haya kuutaja, alidhani anatukanwa. Daktari akamweleza kwa upole kwamba njia zake za hewa zimebana kama za mvutaji wa miaka mingi, na kwamba dawa ya kuvuta mdomoni itasaidia, lakini dawa yenyewe ni kuachana na moshi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2. Nimewahi kuisoma hiyo namba kwenye mhadhara, na nilipoisoma ilikuwa namba. Serikali yetu ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mimi nautakia heri mkakati huo kwa moyo wote. Ila mwaka 2034 Mama atakuwa na miaka sitini na minane, na mapafu hayasomi ratiba.

Kwa hiyo mwezi Desemba nilituma pesa, mdogo wangu akanunua mtungi wa gesi wa kilo 15 na jiko la sahani mbili. Ulifika nyumbani ukapokelewa kwa heshima zote. Mama aliusimamisha pembeni mwa kabati, akaufunika kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye pindo za buluu. Wageni wakija anauwasha wa chai. Bandani hajaupeleka.

Sababu zake si za kijinga, na nimechoka na makala zinazowaandika mama zetu kana kwamba wanapenda moshi. Kuni za michungwa anapata kwa bei ya kutupa, mara nyingine bure. Mtungi ukiisha katikati ya asubuhi na wateja wamekaa, haununui nusu mtungi. Sufuria yake ya supu ni ya lita arobaini. Jiko la sahani mbili linaitazama tu. Na wateja wanasema supu ya gesi haina ladha. Hilo la mwisho nilitaka kulipinga kwa kitabu, lakini moshi kweli una ladha, nimefanya mtihani juu yake.

Niliwahi kufikiria kumpelekea chungu cha umeme. Mwenzangu alikuwa tayari kukitoa hiki cha bibi yake, jambo ambalo lilinigusa. Lakini cha Marekani kinataka volti 120 na kwetu ni 230; kingeungua kabla hakijapata joto, labda na kitu cha kupunguza umeme, ambacho kina uzito kama mtoto wa miaka miwili. Vya volti 230 vipo, Uingereza wanavyo tele. Kinakula wati 250 hivi, kidogo sana. Lakini kinabeba lita sita, yaani bakuli kumi na tano za wateja wake, na umeme ukikatika saa nane usiku chakula kinakaa vuguvugu hadi asubuhi, kwenye joto ambalo bakteria wanalipenda kuliko lote. Na maharage yake mekundu usiyatie humo mabichi kabisa: yana sumu ambayo joto la chini haliiondoi, lazima uyachemshe kwanza yatokote dakika kumi. Mama huyachemsha hadi yapasuke, hajawahi kuhitaji onyo hilo. Ningekuwa nampelekea chombo kidogo kuliko kazi yake, pamoja na masharti.

Kwa hiyo nilichokuwa nampa ni simu tu, na habari za supu. Kila Jumapili anauliza nimepika nini. Nimejaribu kuweka tangawizi, akasema ndiyo. Nimejaribu kukamulia ndimu juu ya krimu, akasema, "Wewe, itakatika," na nikamwambia naikamulia kwenye bakuli dakika ya kula, akakubali kwa shingo upande. Ananituma nimwulize mwenzangu kama bibi yake bado anakamua ng'ombe. Hakamui tena, ameuza ng'ombe, magoti. "Na sasa anafanya nini mchana?" Anasoma, anaenda kanisani, anashona mablanketi ya vipande. Mama akataka kujua ni nani anayempikia.

Mwezi wa pili, siku moja katikati ya mazungumzo ya mambo mengine, akasema amepata binti. Mtoto wa jirani, amemaliza kidato cha nne, mikono mizuri. Anamfundisha supu. Siku za Ijumaa binti atakuwa anashika banda peke yake tangu alfajiri.

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwepo nyumbani."

"Utakaa siku nzima?"

"Kwani nimesema siku nzima?"

Nilitaka kuuliza zaidi. Nilijua nikiuliza atabadili mawazo, kwa hiyo nikamwuliza bei ya vitunguu.

Ijumaa ya kwanza, kwa taarifa za mdogo wangu, alienda bandani mara mbili kuonja, ya pili akiwa amevaa nguo za msikitini. Ijumaa ya pili mara moja. Ya tatu nililetewa picha. Kitambaa cha kufuma kimekunjwa juu ya kabati. Jiko la gesi liko ukumbini mlangoni, penye hewa, na juu yake sufuria ya maharage ya nyumbani, ndogo. Mama amekaa kando yake kwenye kigoda, mwiko mkononi, uso umeelekea sufuria. Mdogo wangu ameandika chini kwamba amemwambia mara tatu inuka, hiyo ni gesi, haihitaji mtu, na amejibiwa kwamba yeye hakuulizwa.

Binti anaelewa haraka. Amejifunza kuchomoa ukuni kwa kusikia kifuniko. Mdogo wangu nimemwagiza amnunulie barakoa, na amtafutie fundi aone kama mabati ya nyuma yanaweza kutobolewa dirisha. Fundi amesema yanaweza, anataka elfu arobaini na tano. Supu bado iko kwenye mafiga.